Kumtafuta Namba Tisa: siku saba kati ya Moshi, Machame na Makumira

Siku ya kwanza, Jumatatu. Moshi mjini

Basi la kutoka Dar lilinishusha jana usiku, nikalala kwa rafiki yangu anayekaa mtaa wa Pasua. Asubuhi hii mlima umejifunika gubigubi, na baridi ya Julai inapenya hadi kwenye viganja. Nina likizo ya siku saba na swali moja.

Jina langu la katikati ni Manka. Alinipa babu mzaa baba siku niliyozaliwa, akasema tu, "Hili ni la mama." Alifariki sijafikisha miaka minne. Mpaka leo nyumbani hakuna anayejua kama alimaanisha mama yake mzazi au mmoja wa mama wadogo waliomlea. Baba hajui, na shangazi zangu wote wawili hawajui. Ukimkuta mzee yeyote wa ukoo wetu atakuhesabia wanaume saba kurudi nyuma bila kumeza mate, kila mmoja na kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, alichokata. Wake zao hawamo kwenye hesabu. Na mimi ninatembea na jina la mmoja wao kwenye kitambulisho.

Nilianzia Maktaba ya Mkoa. Nilimwomba mkutubi vitabu vya nasaba, nikamwonyesha kwenye simu kwamba kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, nasaba ni 929. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo litaniongoza wiki nzima: "Dada, 929 utawakuta waliokwisha kutafutwa. Wa kwako bado. Historia ya kanisa Afrika ni 276, historia ya Tanzania ni 967.8. Kama bibi yako alibatizwa, anzia 276."

Halafu akachukua karatasi, akanichorea mti. Wewe ni namba 1. Baba yako namba 2, mama yako namba 3. Ukitaka baba wa mtu yeyote, zidisha namba ya mtu huyo mara mbili. Ukitaka mama yake, zidisha mara mbili uongeze moja. Alisema mpango huu ulichapwa Ulaya tangu mwaka 1590. Mimi ni mhasibu, namba zikipangwa vizuri moyo wangu hutulia. Baba 2, babu 4, baba yake babu 8, mama yake babu 9. Kwenye karatasi ile kila mwanamke ana chumba chake kilichokwisha kupigwa namba, hata kama hakuna anayemjua. Chumba cha 9 kilikuwa kitupu, na nilikiangalia muda mrefu.

Ni yeye pia aliyenieleza habari za Salt Lake City, Marekani, ambako kuna maktaba kubwa ya kazi hii peke yake. Chama kilichoianzisha kiliundwa 1894, mwaka mmoja tu baada ya wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, kufungua kituo chao Machame. Kuanzia 1938 walipiga picha vitabu vya makanisa na vya serikali za nchi nyingi wakavihifadhi kwenye filamu, na siku hizi unaweza kutafuta kwa intaneti bila malipo. Nilitafuta palepale kwa simu. Kitabu cha usharika wetu sikukiona. Basi ni kupanda mlima.

Siku ya pili, Jumanne. Machame

Hiace ilijaa hadi mlangoni, na mimi nilibanwa kati ya debe la maharage na mama aliyepakata mtoto mwenye homa. Tulipoacha barabara kuu na kuanza kupanda, migomba ikafunga pande zote na manyunyu yakaanza.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, Manka. Umekuja peke yako? Baba yako hajambo?"

Baba mkubwa ana miaka zaidi ya 80 na masikio yake bado mazima. Nilipomweleza nimefuata nini alinyamaza, akaagiza niletewe kiburu kwanza. Nilipomaliza kula akahesabu: jina, jina, jina, wanaume saba, na kwa kila mmoja akanyosha mkono kuonyesha upande wa kihamba. Nikamwuliza, mama yake babu alikuwa nani? Akasema, "Tulimwita Mae. Nani angemwita bibi yake kwa jina?" Sikuwa na la kujibu. Nilimwamini kabisa, kwa malezi yao jina la mtu mzima lilikuwa kitu cha kuheshimu, na heshima ile ndiyo iliyolifunika.

Akanitolea sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani yake, juu kabisa, stakabadhi za kahawa za miaka na miaka zilizofungwa kwa uzi wa katani. Chama chetu kikuu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa 1933, na babu alikuwa mtu wa kutotupa karatasi. Chini ya stakabadhi kulikuwa na daftari la deni la duka, picha moja iliyoliwa pembe, na cheti cha ubatizo cha babu kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Jina lake, mwaka 1922, na kwenye kona ya juu, kwa wino uliofifia, namba ya kitabu.

Kwa mhasibu namba ya kitabu ni kama harufu ya moshi: ukiiona, unajua mahali fulani kuna moto. Usingizi ulinipaa.

Anayetaka kufanya kazi hii asikimbilie maktaba kabla hajafungua masanduku ya nyumbani. Ningekwenda ofisini bila namba ile ningepekua kurasa mpaka likizo iishe.

Siku ya tatu, Jumatano. Kitabu

Ofisi ya kwanza niliyokwenda walinizungusha saa mbili, mara nisubiri mwenye ufunguo, mara vitabu vya zamani vililiwa na mchwa. Sikutaka ugomvi, nikaaga. Ofisi ya pili, iliyo karibu na kanisa lenyewe, katibu alinipokea kwa "Bwana Yesu asifiwe", akasoma barua ya utambulisho niliyopewa na mchungaji wangu wa Dar, akaangalia kitambulisho, akasema vitabu vipo. Masharti yalikuwa matatu: nisitoke navyo chumbani, nisitumie kalamu ya wino, nisipige picha. Niliyakubali yote.

Kitabu ni kikubwa kama mlango wa kabati, mgongo wake umeshonewa kitambaa cha bluu. Kurasa zimekuwa rangi ya chai, na pale mwandishi alipokandamiza kalamu wino umekula karatasi mpaka ng'ambo, herufi zimekuwa matundu. Kila mstari unavuka kurasa mbili: namba, jina, wazazi, kuzaliwa, kubatizwa, wadhamini, na mwisho kabisa safu nyembamba ya maelezo.

Babu nilimpata ndani ya dakika kumi. Mwaka 1922 hapakuwa na mmisionari wa Kijerumani Machame. Waingereza walikuwa wamewaondoa mwaka 1920, na kanisa liliendeshwa na walimu wa hapahapa. Mwalimu aliyeandika ukurasa ule alikuwa na mwandiko wa kupendeza, kila herufi imesimama wima kama mtoto mbele ya darasa. Jina la babu. Baba yake, namba 8, kama alivyohesabiwa jana. Na baada ya mkato, mama: Ndekirwa.

Ndekirwa. Siyo Manka.

Sitaficha kwamba machozi yalinilenga. Niliona nimebeba maisha yangu yote jina ambalo si la bibi yangu. Katibu aliniona, akaninong'oneza, "Ndekirwa ni jina la ubatizo, mama. Nimeokolewa, nimeponywa. Hakuzaliwa nalo huyo. Mtafute kwenye ubatizo wa watu wazima." Akaniletea kitabu kilichotangulia.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kitabu hiki waliandika Wajerumani, na Wajerumani walituandika kwa masikio yao. Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame, Mchagga ni Dschagga. Mushi anakuwa Muschi. Palipo na y yetu wao wanaweka j. Ukitafuta kwa macho hupati mtu. Inabidi usome kwa sauti ndogo usikie kama ni ndugu yako. Nilisoma nikinong'ona kuanzia saa nne mpaka saa tisa, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na nikawapata Ndekirwa watatu, wote wanawake.

Wawili safu yao ya maelezo ilikuwa tupu. Wa tatu alibatizwa mwaka 1911, mwaka ambao reli kutoka Tanga ilifika Moshi. Kuzaliwa: karibu 1893. Safu ya maelezo ilikuwa na maneno matano au sita yaliyoandikwa kwa haraka, kwa herufi ambazo sikuweza kusoma hata moja. Vilikuwa vijiti vilivyolala upande, vitanzi juu na chini, na kialama kama ukucha juu ya baadhi ya vijiti. Nilidhani nasoma "Maula". Picha haziruhusiwi, kwa hiyo nilichukua penseli na kuchora mstari ule kwenye daftari langu, umbo kwa umbo, kama mtoto anayenakili nyumba. Nilichora mara tatu. Ya tatu ndiyo ilifanana.

Ule mwaka 1893 haunitoki akilini. Ndio mwaka wamisionari wenyewe walipofika. Nadhani msichana alisimama pale mbele ya meza wakamwuliza amezaliwa lini, naye akajibu kama ambavyo wazee wetu wangejibu: mwaka ule mlipokuja.

Siku ya nne, Alhamisi

Manyunyu kutwa. Nilimsaidia mama mkubwa kukata majani ya ng'ombe, na jioni nikanakili upya mchoro wangu kwa penseli iliyochongwa vizuri. Baba mkubwa aliuangalia akiwa ameushika mbali na macho, akasema, "Hayo si maandishi, ni nyayo za kuku." Lakini aliurudisha kwa mikono miwili.

Siku ya tano, Ijumaa. Makumira

Nilitoka alfajiri. Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, kisha Makumira, ambako wachungaji wa Kilutheri wa nchi hii wamesomeshwa kizazi baada ya kizazi. Maktaba ya chuo ni maktaba ya theolojia, na kwa mtu wa kwetu theolojia na nasaba zimelala kitanda kimoja: waliotubatiza ndio waliotuandika.

Kabla sijaingia nilisimama barabarani kidogo. Hapa karibu ni Akeri, ambako Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku. Kisasi cha jeshi la Wajerumani kiliwaangukia watu wa Meru vibaya sana. Halafu tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa hukohuko pamoja na viongozi wengine. Namba 9 wangu, kama hesabu yake ni sahihi, alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Miaka 11 baadaye alikwenda mwenyewe kwa watu wa taifa lilelile akaomba jina jipya. Sina haki ya kumhukumu na sitaki. Ningetaka tu kumwuliza.

Ndani, mkutubi alinipeleka kwenye vitabu vya Bruno Gutmann, aliyekuwa mchungaji Kilimanjaro kuanzia 1902 hadi 1938, akikatishwa na vita. Aliandika juu yetu pengine kuliko Mzungu mwingine yeyote. Kitabu chake cha sheria za Wachagga kilichotoka 1926 ni kinene kama tofali, na ni cha Kijerumani. Alishikilia kwamba kanisa la hapa lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika, si juu ya mtu mmoja mmoja. Nilifungua nikafunga. Kijerumani changu ni cha kuhesabu hadi kumi.

Meza ya pili alikuwa ameketi mzee, mchungaji mstaafu aliyewahi kusoma Ujerumani. Mkutubi alinitambulisha, nikaamkia, nikaweka daftari mbele yake.

"Umechora mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba Mchungaji."

"Umechora vizuri. Hii ni Kurrent." Akanieleza kwamba ni mwandiko wa zamani wa Wajerumani, walioacha kuufundisha shuleni mwaka 1941, na kwamba leo hata kijana wa Leipzig ukimwekea barua ya babu yake atakodoa macho tu. Kwa kawaida majina ya watu waliyaandika kwa herufi za Kilatini ili yasomeke. Aliyeandika safu hii alikuwa na haraka, au amechoka. Akavua miwani, akaifuta, akaanza kunifundisha kwa ncha ya penseli bila kugusa karatasi. Herufi e inafanana na n, ndogo, vijiti viwili. Ukiona vijiti viwili vyenye ukucha juu, hiyo ni u. Ukucha uliwekwa ili isichanganywe na n. Kitanzi kinachopanda na kushuka ni h.

"Sasa soma wewe neno la kwanza."

Nilisoma herufi kwa herufi. F. R. Ü, yenye nukta mbili. H. E. R.

"Früher," akasema. "Zamani. Hapo awali. Endelea."

Neno la pili lilikuwa lile nililosoma "Maula". M. A. Nikafika kwenye vijiti viwili. Havikuwa na ukucha.

"N," nikasema.

"Naam. Na hiki kinachosimama chenye kitanzi ni k."

Sikulimaliza kulisoma. Nililia pale kwenye meza ya maktaba, na mzee yule akasukuma daftari pembeni lisilowe, akasubiri. Früher Manka. Zamani Manka.

Yaliyobaki aliyasoma yeye: binti wa fulani, na jina la huyo baba lilikuwa kwenye tundu la wino, kwa hiyo hata mchoro wangu ulikuwa na tundu. Kisha neno la mwisho, Nkja. Akalirudia polepole mpaka na mimi nikalisikia. Ile j ni y. Nkya.

Mchana mkutubi alinionyesha kwenye kompyuta mkusanyo wa picha za wamisionari uliowekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California, picha za Leipzig zikiwamo. Niliandika Madschame, kwa tahajia yao, picha zikaja. Wasichana wamekaa chini mbele ya jengo la shule, wamejifunga nguo nyeupe, mmoja amegeuza uso. Kwenye nilizofungua, maelezo yalikuwa na jina la mmisionari na la mahali. Majina ya wasichana hayakuwamo. Niliangalia kila uso. Huenda yumo.

Kumbukumbu zenyewe za misheni ya Leipzig, barua na taarifa, zinatunzwa Halle, Ujerumani, kwenye taasisi ya Francke. Nimewaandikia baruapepe leo jioni, nikaweka tahajia zote nilizojifunza.

Siku ya sita, Jumamosi. Kuhakiki

Njia nzima ya kurudi kitu kimoja kilinikereketa. Wako Ndekirwa watatu. Nimejuaje kwamba aliyeitwa Manka ndiye mke wa namba 8? Kwa sababu nataka iwe hivyo? Kazini nisingepitisha malipo kwa ushahidi wa namna hiyo.

Katibu alikubali kunifungulia ofisi ingawa ni Jumamosi. Nilimwomba kitabu cha ndoa. Dada na kaka mnaotafuta bibi zenu, ombeni kitabu cha ndoa. Mstari wa ndoa ya namba 8 ulikuwa miaka michache baada ya 1911, na kando ya kila jina mwandishi alikuwa ameweka namba ndogo: namba ya ubatizo ya bwana na namba ya ubatizo ya bibi harusi. Nilifungua kitabu cha ubatizo pembeni yake, nikaweka vidole viwili, kimoja huku kimoja kule. Namba ni ileile. Ndekirwa wa 1911, zamani Manka, wa kina Nkya.

Nilirudia mara tatu, kama ninavyofanya na salio la benki. Halafu nikamwomba katibu kalamu ya wino, kwa ajili ya karatasi yangu si kwa kitabu, nikaandika kwenye chumba cha 9.

Siku ya saba, Jumapili. Nyumbani

Baada ya ibada na chakula nilimwekea baba mkubwa karatasi mapajani. Nilimwonyesha mimi niko wapi, baba yuko wapi, babu yuko wapi. Kidole chake kilipofika 9 nilimsomea: Manka, akabatizwa Ndekirwa, binti wa Nkya, jina la baba yake limeliwa na wino.

"Nkya," akasema.

"Ndiyo, baba mkubwa."

Alikaa kimya muda mrefu, akiangalia nje kwenye masale yaliyopandwa mpakani.

"Kabla ya mama yako mkubwa kulikuwa na binti wa kina Nkya. Tulipatana. Nilikwenda kwa baba na pombe, nikapiga magoti, akaikataa ile pombe. Akasema kwa Nkya hatuoi. Nikamwuliza kwa nini. Baba hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Nilimkasirikia miaka, Manka. Nilidhani amewadharau wale watu."

Akanirudishia karatasi, kisha akaichukua tena.

"Kumbe ni wajomba zake."

Akaniomba nimsomee tena, polepole, kuanzia mwanzo, na safari hii mama mkubwa naye aitwe asikie.